K. L. Saigal: Yasemwayo na Yaliyokuwa

Wapenzi wa filamu za Kihindi huku kwetu wanawajua waimbaji wake: wanamjua Mukesh, wanamjua Rafi, wanamjua Kishore Kumar. Aliyewatangulia wote hao, mwimbaji na mwigizaji Kundan Lal Saigal, hutajwa kwa nadra, na akitajwa huandamana na hadithi zisizo na mashiko. Namsikiliza tangu ujanani, na hadithi hizo huniuma kwa sababu zinamnyima sifa aliyoitolea jasho.

"Saigal alikuwa Mbengali."

Alizaliwa Jammu, kaskazini mwa India, tarehe 11 Aprili 1904, katika familia ya Kipunjabi. Kinachowachanganya watu ni Calcutta, jiji la Wabengali. Huko ndiko ilikokuwa kampuni ya filamu ya New Theatres ya B. N. Sircar, iliyomwajiri mwanzoni mwa miaka ya 1930, na huko alijifunza Kibengali akakiimba mpaka wenyeji wakamwona wao.

"Alilelewa na ustadhi mkubwa wa muziki."

Hakupata mafunzo rasmi. Utotoni alifuatana na mama yake kwenye mikusanyiko ya nyimbo za ibada, na katika maigizo ya Ramlila, yanayosimulia kisa cha Rama, mungu wa Wahindu, aliigiza kama Sita, mke wa Rama. Ukubwani alifanya kazi reli, kisha akauza taipureta za Remington.

"Kuna mtu alikuwa akimwimbia."

Tumezoea kumwona mwigizaji akichezesha midomo tu, sauti ikiwa ya mwingine, ndiyo maana wengi hudhani hata Saigal ni hivyo. Alipoanza mwaka 1932, mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapiga ala wakikaa pale ambapo picha haiwafikii. Mtindo wa kurekodi wimbo kwanza ulishika India kuanzia 1935, nao ulianzia hapohapo New Theatres, lakini Saigal hakuacha kuigiza na kuimba kwa sauti yake.

Tena alifanya jambo ambalo leo hatulioni kwa sababu limekuwa la kawaida. Waimbaji wa jukwaani walipaza sauti ili asikie hata aliyekaa nyuma kabisa. Saigal alielewa kwamba maikrofoni haihitaji kupigiwa kelele. Akashusha sauti, akaimba taratibu kama anayezungumza na mtu mmoja usiku. Waimbaji wa filamu waliokuja baadaye walipita njia hiyo.

"Dil Jalta Hai ni wimbo wake."

Ni wa Mukesh, kutoka filamu ya Pehli Nazar ya 1945, muziki wa Anil Biswas. Mukesh alimpenda Saigal mno, akauimba kwa mtindo wa Saigal. Wasikilizaji wanakosea hadi leo.

"Bila pombe asingeimba vile."

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Mwaka 1935 aliigiza katika filamu ya Devdas iliyoongozwa na P. C. Barua, kisa cha mpenzi anayekunywa hadi kufa, na watu wakamvisha mwigizaji maisha ya mhusika. Kwamba alikunywa sana, ni kweli. Kwamba huzuni ya sauti yake ilitoka chupani, si kweli, na shahidi ni mtunzi wa muziki Naushad, aliyefanya naye kazi katika filamu ya Shahjehan ya 1946. Naushad alisimulia kuwa Saigal mwenyewe aliamini hawezi kuimba bila kinywaji. Naushad akamwomba arekodi wimbo mara mbili: kwanza akiwa mkavu, halafu akiwa amekunywa. Waliposikiliza zote mbili, Saigal alichagua ile aliyoimba bila tone la pombe, akasikitika kwamba yeye na Naushad walichelewa kukutana.

Kwa kweli walichelewa. Mwili ulikuwa umekwisha kuchoka. Alifariki Jalandhar tarehe 18 Januari 1947, akiwa na miaka 42, miezi saba kabla India haijapata uhuru na kugawanyika. Filamu yake ya mwisho, Parwana, ilitoka mwaka huohuo naye hayupo.