Chungwa la Muheza linashtua kama zimwi

Jumamosi, saa kumi jioni, kaingia kijana wa tano ndani ya mwezi huu. "Shikamoo fundi. Nina klipu hapa ya kumshtua mtu. Nitafutie sura mbaya kuliko hii." Marahaba niliyomjibu ilitokea puani, Mungu anisamehe. Wanne waliomtangulia walikuja na ombi lilelile. Mmoja alitaka mtoto wa bandia asiye na macho, mwingine bibi kizee mwenye meno ya papa, na wa tatu akaniambia nitafute kwenye intaneti "sura yoyote ya jini", kana kwamba majini hupiga picha za pasipoti.

Nimechoka. Miaka yote niliyokaa hapa Ngamiani, mjini Tanga, usiku mitambo ya harusi na mchana kuhariri sauti, sijaona imani yenye mizizi kama hii, kwamba kinachomrusha mtu kwenye kiti ni ubaya wa sura. Ina pacha wake pia: anayeruka ni mwoga. Yote mawili ni kosa moja, na ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kimeshatutengea mambo. Kuna kushtuka, na kuna kuogopa. Mwenye deni huogopa kukutana na anayemdai lakini hashtuki, kwa sababu anamwona tangu kule kona ya soko. Ukiangushiwa sufuria nyuma ya kichwa unashtuka bila kuogopa kitu chochote, halafu unageuka na hasira zako kumtafuta aliyeiangusha.

Nikamwambia kijana kaa. Klipu yake nikaicheza bila sauti. Bahari imetulia, bahari imetulia, kisha sura imejaa skrini nzima. "Umeshtuka?" Akasema hapana, lakini yeye anaijua. Sawa. Mezani palikuwa na chungwa la Muheza nililomenya nusu. Nikalipiga picha, nikaitoa sura yake, nikaliweka chungwa palepale. Yowe linalotoka pamoja na sura sikuligusa hata kidogo.

Muuza kahawa akawa anapita akigonga vikombe. Nikamwita, nikahakikisha kwanza dele na jiko lake viko chini, nikampa hedifoni. Akatazama ile bahari kwa sekunde kumi na tano hivi, ameinama, kashata mkononi. Chungwa lilipotokea alirudi nyuma hatua mbili, kashata ikaruka hadi juu ya spika. "La haula!" Halafu akaisogelea skrini, akakunja uso. "Chungwa?"

"Chungwa, kaka."

Sasa nieleze, maana nimeshaanza. Vijana wakija husema niongeze sauti. Niiongeze wapi? Kwenye mradi wa kidijitali kuna dari ya ukubwa wa sauti, nayo huandikwa sifuri. Ukilazimisha kuipita, wimbi linakatwa kichwa na sauti inapasuka. Yowe lako tayari limeshagusa dari. Kilichobaki ni kushusha sakafu. Ile sehemu ya mwanzo, upepo na maji, naiteremsha desibeli 30 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya dari, pengine na zaidi. Mtazamaji anaona haisikiki vizuri, anapeleka kidole, anajiongezea sauti mwenyewe. Amejitegea mtego kwa mkono wake, mimi sijamfanya kitu.

Kisha mwinuko. Yowe linatakiwa lipande kwa mkupuo, kama ukuta na si kama ngazi. Chukua yowe hilohilo, lipandishe polepole kwa sekunde moja hadi ukubwa uleule, uone. Mtu atakunja uso tu na kuuliza kelele za nini hizi.

Na hapa ndipo wahariri wa kwenye simu wananitoa roho. Wanakata kipande cha bahari katikati ya wimbi, wanakibandika na kipande cha yowe, na pale kwenye kiungo panabaki kisauti kidogo: tik. Wao hawakisikii. Masikio ya mtazamaji yanakisikia. Tena mara nyingi wanaacha upenyo mdogo wa kimya kati ya tik na yowe, kama sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Hapo umeshaharibu kila kitu! Hili si ushirikina wa mafundi. Limepimwa maabara, kwa watu na kwa panya: kisauti dhaifu kikitangulia kishindo kwa sehemu ndogo ya sekunde, kuruka kunapungua sana. Mwili umepewa hodi. Kijana anaona rafiki yake hakuruka, anakuja kwangu analalamika kwamba sura haitishi. Ndugu yangu, sura haina kosa. Mkasi wako ndio wenye kosa. Vuta karibu mchoro wa sauti kwenye skrini, uone ulipokata, ufute hako ka-tik. Kazi ya dakika moja, lakini nani atasikia. Wote wako mbioni kutafuta meno ya papa.

Kuhusu ushujaa nitasema kwa kifupi. Kishindo kinaingia sikioni, kinapita kwenye shina la ubongo, kinashuka uti wa mgongo, kinafika kwenye misuli. Njia fupi kweli. Jicho linafumba ndani ya milisekunde 40 hivi, kabla ile sehemu ya ubongo inayojua kwamba wewe ni mwanaume wa shoka haijaulizwa chochote. Mwaka 1939 wanasaikolojia Landis na Hunt walichapisha kitabu kizima juu ya hili. Walikuwa wakifyatua bastola karibu na watu huku kamera za kasi zikiwapiga picha, na hata waliozoea bunduki walifumba macho. Kwa hiyo wewe unayenipigia kifua hapa barazani, tulia. Ninayo video ya mmoja wenu. Kaninunulia soda nisiirushe.

Sisemi hofu haina kazi. Mtu aliyekaa gizani hushtuka zaidi kuliko aliye kwenye mwanga, hilo nalo limepimwa. Mpeleke mgeni mapango ya Amboni, mwambie habari za popo, zima tochi, kisha piga kofi kwa viganja vyako. Lakini hofu hapo ni chumvi. Ugali ni lile kofi.

Waliotangulia kwenye kazi hii walilijua. Mwaka 1942, kwenye filamu ya Cat People iliyotayarishwa na Val Lewton, mwanamke anatembea usiku, anahisi kuna anayemfuata. Nyayo zinasikika, kisha hazisikiki tena. Kimya. Halafu linaingia kwenye picha, kwa mlio mkali kama wa mnyama, basi! Basi la abiria, limesimama kituoni. Halina meno wala damu, na hadi leo watu wa filamu wanauita mtindo huo basi la Lewton. Mimi naongeza chungwa la Muheza kwenye orodha.

Ukija upande wa intaneti, mkubwa wao ni ule mchezo wa njia nyembamba, Scary Maze Game, alioutengeneza Jeremy Winterrowd mwaka 2003. Kila mtu anaikumbuka sura, ya mwigizaji Linda Blair aliyepakwa rangi kwenye filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973. Hakuna anayekumbuka fundi alifanya nini kabla yake. Alikupa kinukta ukiongoze bila kugusa ukuta, akaibana njia hatua kwa hatua mpaka ukawa umebandika pua kwenye skrini na kuzuia pumzi. Mimi ulinipata kwenye kafe moja ya intaneti hapa mjini, hedifoni zimenibana masikio. Nilipiga teke ekstensheni, kompyuta sita zikazima. Nikalipa muda wa watu wote, na yule dada aliyekuwa anaandika barua yake ya kazi hakunisemesha mwaka mzima.

Mwaka 2004 likaja lile tangazo la Ujerumani la K-fee, kahawa ya kopo. Gari linakata kona taratibu kwenye vilima vya kijani, muziki laini, halafu kiumbe kinachomoza na yowe. Ujumbe wao ni kwamba hujawahi kuwa macho kiasi hiki. Nilimsimulia muuza kahawa wangu, akasema yeye anauza kwa kugonga vikombe na wateja wanaamka vilevile.

Baadaye mambo yakageuka. Ulipotoka mchezo wa kompyuta wa kutisha wa Five Nights at Freddy's mwaka 2014, watu wakazidi kukaa kutazama mtu mwingine akicheza, kwenye kona ya skrini uso wake, wakimsubiri aruke. Siku hizi kijana akinijia, klipu ni chambo tu. Anachotaka kurusha mtandaoni ni uso wa shangazi yake. (Shangazi mwenye presha, mjamzito, na mtu wa bodaboda akiwa barabarani: hao sifanyi, hata ukileta laki.)

Sasa kuna jambo linaloniharibia hoja, na ningeweza kulinyamazia. Ni Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 anasimulia alivyosogeza uso kwenye kioo kinene kule bustani ya wanyama London, nyuma ya kioo kuna kifutu, nyoka huyuhuyu anayejilaza kwenye njia za mashamba yetu. Akajiapiza hatarudi nyuma. Nyoka alipochapa, kiapo kikayeyuka, mzee akaruka nyuma kama yadi moja au mbili. Pale hapakuwa na yowe wala spika. Kuna kitu kilichomjia usoni kwa kasi, basi. Kwa hiyo macho nayo yana njia yao, na mimi mtu wa sauti huwa nalisema hili kwa sauti ya chini. Tena nimeona klipu zikiwarusha watu kwenye simu ambayo spika yake imejaa unga, sauti kama ya mbu. Hesabu yangu ya desibeli haitoshi hapo. Lakini angalia vizuri: hata kifutu hakumshtua Darwin kwa ubaya wa sura. Alikuwa ameshaitazama sura hiyo kwa kitambo, kwa hiari yake. Kilichomrusha ni kasi.

Nilimweleza kijana yote haya, pamoja na kifutu. Alisikiliza kwa adabu, akala na lile chungwa.

"Nimekuelewa fundi. Muuza kahawa karuka kweli." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ila nani atamrushia mwenzake klipu ya chungwa?"

Nikatafuta jibu, sikulipata. Muuza kahawa mwenyewe, nilipompa ile klipu aende nayo, alikataa. Alisema barazani watamwuliza kilichomshtua, na yeye hawezi kujibu "tunda".

Nikamwekea bibi kizee wa meno ya papa. Ka-tik nimekafuta. Elfu tano.