Pastéis de bacalhau hazitaki samaki mbichi

Napika petiscos, yaani vitafunwa vya kula na kinywaji, kwenye tasca moja, mgahawa mdogo wa mtaani, huko Mouraria, Lisbon, na wiki hii tena nimeandikiwa na msomaji aliyetengeneza pastéis de bacalhau (moja ni pastel: kitafunwa cha kukaanga cha viazi na samaki wa chumvi) kwa changu mbichi, kwa sababu "mbichi ni bora kuliko wa chumvi". Halafu analalamika kuwa zilimsambaratikia kwenye mafuta. Zingeachaje?

Bacalhau, yaani samaki aina ya cod aliyetiwa chumvi, hayupo katika bahari ya Ureno. Hutoka Norway na Iceland, na kwa karne nyingi Wareno walimfuata hadi Newfoundland, Kanada. Bila chumvi asingefika. Ila chumvi haikuishia kumhifadhi tu, na hapa ndipo watu hawanisikilizi. Chumvi hunyonya maji, hukaza nyama, na miezi ya kukaa humpa ladha ambayo samaki mbichi hana. Ukimloweka, maji hurudi kiasi, lakini nyama hairudi ilivyokuwa: huchambuka nyuzi nyuzi. Nyuzi hizo, pamoja na viazi na yai, ndizo zinazoshika pastel, maana unga hautiwi. Samaki mbichi huvunjika na kutoa maji. Unaongeza unga umwokoe, na hapo umepika katlesi. Katlesi nazipenda sana, lakini hicho ni chakula kingine.

Kuloweka: kipande kinene saa 48 hivi, chembamba 24, ndani ya friji, ngozi ikitazama juu ili chumvi ishuke chini. Maji yabadilishwe mara ngapi? Vitabu hutaja idadi kwa uhakika ambao mimi sina, kwani vipande havifanani. Nachuna uzi mmoja katikati, penye unene, nauonja. Chumvi ibaki kidogo, na baada ya hapo sitii nyingine.

Viazi vichemshwe na maganda yake, la sivyo vitakunywa maji. Samaki apate moto wa maji yasiyotokota, umtoe ngozi na miiba, kisha umsugue ndani ya kitambaa safi mpaka awe nyuzi tupu. Yai, kitunguu, parsley. Mimi naweka samaki na viazi uzito sawa. Wapo wapishi hodari wanaozidisha viazi, na nikionja zao sina hoja ya kuwashinda. Finyanga kwa vijiko viwili, pande tatu, mafuta nyuzijoto 180.

Jibini ndani? Hiyo ni biashara ya juzi ya kuwauzia watalii. Anayetaka ale, ila asiambiwe ni mapokeo ya mababu.

Na tafadhali msirudishe sahani kwa kuwa zimepoa. Jioni Mouraria watu husimama kaunta, mkononi imperial, yaani bia ya bomba, mbele yao firigisi za mchuzi na bakuli la tremoços, mbegu za jamii ya maharagwe zilizolowekwa kwenye maji ya chumvi, na maongezi hayaishi. Pastel iliyokaangwa vizuri huliwa kwa vidole hata ikiwa imepoa, na wengi wetu ndivyo tunavyoipenda, kwa sababu ladha ya samaki hujitokeza zaidi.

Usipopata bacalhau, mwache changu wako umkaange mzima. Chukua mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, uichemshe kidogo, uichovye kwenye uji mwepesi wa unga na yai, uikaange. Hizo ni peixinhos da horta, petisco halali kabisa, na hazihitaji samaki wa aina yoyote.