Mvua Ambayo Kamera Haikuiona

Fungua boksi lolote la picha katika jumba la makumbusho la mji mdogo wa pwani, utapokewa na jua. Jua juu ya mchanga, jua kwenye mabega ya watoto, watu wazima wamekunja macho kwa ukali wake. Kazi yangu ni kupokea maboksi hayo, kisha kukaa na wenyewe na kurekodi wanachokumbuka. Karibu wote huanza vilevile: majira ya joto ya zamani yalikuwa jua tupu, si kama siku hizi.

Hawadanganyi. Ila nimejifunza kuwauliza habari za mvua.

Sababu ya kwanza ya kukumbuka jua tupu imo ndani ya kamera. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya Brownie kwa dola 1 ya Marekani, na familia za kawaida zikaanza kujipiga picha zenyewe. Lilikuwa boksi rahisi, lenye lenzi ya kawaida na kasi moja tu ya kupiga, na filamu za wakati huo zilihitaji mwanga mwingi. Mpigapicha alifundishwa kusimama jua likiwa mgongoni mwake, ndiyo maana waliopigwa wamekunja macho. Filamu ya kwanza ya Brownie ilichukua picha 6. Nani angepoteza hata moja kwa siku ya mawingu? Mvua iliponyesha, kamera ilibaki mkobani. Kisha albamu ikatazamwa mwaka baada ya mwaka, hadi picha zikashika nafasi ya siku zenyewe.

Sababu ya pili ni kumbukumbu yenyewe. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, wala si kutoa kitu ghalani kikiwa kizima. Kabla yake, mwanasosholojia Maurice Halbwachs wa Ufaransa alishasema kwamba tunakumbuka tukiwa ndani ya kundi: familia, wafanyakazi wenzetu, majirani. Katika miji ya pwani hilo linaonekana wazi, kwa sababu likizo zenyewe zilikuwa za kundi. Uingereza ilipitisha sheria ya sikukuu za benki (siku za mapumziko ambazo benki hufungwa) mwaka 1871, na ile ya likizo yenye malipo mwaka 1938. Ufaransa iliwapa wafanyakazi wiki 2 za likizo yenye malipo mwaka 1936. Huko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, viwanda vya pamba vya mji mzima vilifungwa wiki moja kwa pamoja, na watu wakapanda treni kwenda Blackpool, mji wa pwani. Aliyesimama jirani yako kwenye mashine ndiye uliyemkuta jirani yako mchangani. Haishangazi kwamba wanasimulia kwa kauli moja.

Kwa hiyo siulizi "unakumbuka nini?" Nauliza: mvua ilipowakuta, mlijibanza wapi? Koti lililolowa lilinuka vipi? Hapo sauti hubadilika. Yanatoka mambo ambayo hayapo kwenye picha yoyote: karata zilizochezwa kutwa nzima, ugomvi wa baba na mama, mchanga ndani ya mkate.

Wapo pia ambao majira ya joto hayakuwa likizo kwao: waliofua mashuka ya wageni, waliobeba viti vya kukunja, waliolaza watoto wao jikoni ili vyumba vikodishwe. Hawa ndio ninaowatafuta kwa bidii zaidi, kwa kuwa hawaleti albamu. Tazama ukingoni mwa picha, nyuma ya familia inayotabasamu. Mara nyingi utaona mkono wa mmoja wao, au mgongo. Wageni wakishaondoka, ndipo nawafuata wafanyakazi hawa, wanapokuwa na nafasi ya kuketi.

Hata rangi hutupotosha. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 hufifia hata zikikaa gizani, na katika nyingi kati ya hizo rangi ya bluu-kijani ndiyo hutangulia kufa. Kinachobaki ni wekundu. Mtazamaji huona wekundu ule na kusema siku ile ilikuwa ya joto kali, kumbe anatazama kemia iliyoharibika. Filamu za asetati, aina ya plastiki, nazo hunuka siki zikianza kuoza. Ukisikia harufu hiyo nyumbani, zitenge na nyingine mara moja na uziweke mahali pa baridi na pakavu, maana mvuke wake huchochea uozo kwenye filamu zilizo jirani. Hewa ya bahari huongeza tatizo, kwa sababu chumvi huvuta unyevu.

Ukiwa na albamu ya aina hii, usibandue picha zilizogandishwa. Zilizo huru, zilaze juu ya kitu kigumu na uandike nyuma yake kwa penseli laini bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Kisha ongeza mstari mmoja kuhusu siku ambayo hamkupiga picha.