Jeni za Glakoma: Kwa Nini Matokeo ya Ulaya Hayamtoshi Mwafrika

Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa binadamu ni wamoja, jeni za glakoma zilizogunduliwa kwa watu wenye asili ya Ulaya zinatosha kukadiria hatari ya mtu yeyote. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho na ambao watu huuita presha ya macho ingawa wapo wanaoupata presha ya jicho ikiwa ya kawaida, huwapata wenye asili ya Afrika kwa wingi zaidi na mapema zaidi. Mwaka 2019 watafiti walitangaza badiliko katika jeni ya APBB2 linaloongeza hatari hiyo kwa Waafrika. Kwa kuwa kwa Wazungu badiliko hilo karibu halipo, hata wangepimwa wengi ingekuwa vigumu sana kuligundua. La kushangaza zaidi ni LOXL1, jeni inayohusishwa na aina nyingine ya glakoma: mahali fulani katika jeni hiyo, kwa Wazungu herufi G (moja ya herufi nne za DNA) ndiyo inayoambatana na ugonjwa, ilhali kwa watu weusi wa Afrika Kusini ni herufi A. Kipimo kilichotungwa kwa data ya Ulaya pekee, basi, hapo kingemwambia mgonjwa kinyume kabisa cha hali yake.