Je, wajua kwa nini kompyuta mbovu hukataa hata kupigwa Windows upya?

Jumamosi moja mama jirani yangu, pale Katindo, Goma, Kongo, aligonga mlango. Nyuma yake kijana amebeba mnara wa kompyuta kichwani, waya zinaning'inia hadi mabegani.

"Papa, nisaidie na hii ordinatere. Inazimika yenyewe. Fundi ameipiga Windows mara tatu, ya nne imekataa kabisa."

Nikamuuliza ilikatalia wapi. Akacheka, lakini alikuwa anakumbuka vizuri, maana kila mara alikaa pembeni ya fundi akiangalia pesa yake inavyokwenda. Safari hiyo ya nne, jaribio la kwanza lilifia asilimia 23. La pili likafika 61. La tatu halikufika hata mahali pa kuchagua lugha, skrini ikageuka bluu.

Hizo namba ndizo zilizonipa jibu kabla sijashika bisibisi.

Wengi wetu tunaichukulia Windows, programu kuu inayoendesha kompyuta, kama shati: imechafuka, vua, vaa nyingine. Na mara nyingi ni kweli. Virusi vikiingia, au umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika faili muhimu, kupiga Windows upya kunaponya. Lakini Windows mpya haishuki kutoka mbinguni. Inatoka kwenye flashi, inapita kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, prosesa, ubongo wake, inaifungua, inarudi RAM, ndipo inaandikwa kwenye diski. Ni njia ileile ambayo Windows ya zamani ilikuwa inaangukia. Kama daraja limevunjika, kubadilisha lori hakusaidii.

Tena lori hili ni zito kuliko yote. Faili kubwa la kusakinishia limebanwa ili lienee kwenye flashi, kama mitumba inavyogandamizwa kwenye balo. Chukua picha ya harusi ambayo haijabanwa, ibadilishie biti moja tu, yaani sifuri igeuke moja. Pengine nukta moja kwenye shela ya bibi harusi itabadilika rangi, na hakuna atakayeiona. Fanya hivyohivyo kwenye faili lililobanwa, na kila kinachofuata baada ya hapo kinaweza kuwa takataka, kwa sababu kila kipande kinafunguliwa kwa kutegemea kilichotangulia. Programu ya kusakinisha hukagua hesabu za vipande hivyo, ikiona haziwiani inasimama. Ndiyo maana kompyuta yenye RAM mbovu inaweza kukuchezea filamu wiki nzima ikizimika mara mojamoja, halafu ishindwe kumaliza usakinishaji wa nusu saa.

Kinachopoteza watu ni ujumbe wenyewe. Utaona namba kama 0x80070570 au 0x8007025D, na maelezo kwamba faili limeharibika au halisomeki. Mara nyingi faili linasingiziwa! Pengine kwenye flashi liko zima, limeharibikia njiani.

RAM inaharibikaje, wakati haina hata kitu kinachozunguka? Kila biti ndani yake ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa kwenye kichombo kinachovuja. Watu wa Goma mnaojua bidoni za njano za maji ya ziwa mtanielewa: fikiria bidoni zote za mtaa zimetoboka, na kuna mtu anazipitia kuzijaza kabla hazijaisha. Kwenye RAM za kawaida mzunguko huo unakamilika kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja, na RAM ya GB 8 ina biti zaidi ya bilioni 68. Bidoni moja ikianza kuvuja haraka kuliko wenzake, inakutwa tupu. Basi. Ikitokea hapo pamehifadhiwa herufi ya barua, utaona kosa la herufi. Ikitokea ni kiini cha Windows, utaona skrini ya bluu.

Sasa rudi kwenye namba za mama jirani: 23, 61, na patupu. Kosa linalohamahama hivyo, mimi nashuku RAM kwanza, au kikasha cha umeme, kile kinacholisha mnara mzima, maana kikasha kibovu kinaiga dalili nyingi za RAM mbovu. Kile kikasha kinatakiwa kutoa volti 12 bila kupotoka zaidi ya asilimia 5, juu au chini, na umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo haukipi raha. Lakini usakinishaji unaokufa palepale kila mara, kwenye faili lilelile, nashuku flashi. Zipo flashi sokoni zilizoandikwa GB 64 ilhali ndani ni 8: zinapokea kila unachowapa bila kulalamika, kisha ukisoma hakuna kitu. Andaa nyingine, kwa kompyuta nyingine iliyo nzima.

Diski nayo ina dalili zake, kama kugonga tik-tik au kuonekana leo na kupotea kesho. Ila angalizo moja hapo: kwenye kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, programu ya kusakinisha inaweza kusema haioni diski yoyote kumbe diski ni nzima. Inakosa tu draiva ya Intel, programu ndogo ya kuitambulisha diski, ambayo unaiweka kwenye flashi na kuionyesha palepale. Nimeshaona mtu akinunua diski mpya bure kwa sababu hiyo.

Tuliufungua mnara. Vumbi la Goma si vumbi la mchezo: jeusi, la mawe ya volkano, limejaa kwenye feni hadi mapanga yake yamekuwa kama yamevishwa sufu. Joto likizidi, prosesa hupunguza mwendo, na likiendelea kupanda kompyuta hujizima kujiokoa. Hapa kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni inafanya kazi na hewa pungufu hata ikiwa safi. Nikapiga brashi, nikafuta meno ya dhahabu ya bareti zote mbili za RAM, vile vibao vyembamba vinavyochomekwa, kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Mara nyingine hilo peke yake linatosha. Safari hii halikutosha.

Nikachomoa bareti moja, nikawasha kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya bure inayoandika na kusoma kila kona ya RAM bila kuhitaji Windows. Haikufika robo saa, mistari myekundu ikaanza kushuka. Nikaihamishia bareti ileile tundu la pili: wekundu ukaifuata. Kwa hiyo tundu ni zima, bareti ndiyo mgonjwa. Kwenye kipimo hiki hakuna msamaha, kosa moja tu ni kosa. Mwenzake nikaiacha ipimwe usiku kucha, na bahati nzuri umeme haukukatika. Asubuhi sifuri. Windows ikaingia mara ya kwanza, kwa bareti moja ya GB 4.

Mama akashukuru, kisha akauliza alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo: "Na picha za ubatizo?"

Hazipo. Diski ilikuwa imeformatiwa, yaani imefutwa yote, na kuandikwa juu yake mara kadhaa kabla haijafika kwangu, kutibu ugonjwa usiokuwa kwenye diski. Fundi angeweza kuwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine mbadala wa Windows, kutoka kwenye flashi, akabaki na bareti nzima peke yake, akanakili picha kwenye diski ya nje, ndipo aformati. Ni kazi ya saa moja, na Linux yenyewe hailipiwi.