Je, wajua kwa nini mtoto mwenye uvimbe shingoni huambiwa atoe ulimi?

Mtoto ana kinundu katikati ya shingo, hakimuumi. Daktari anakishika taratibu, kisha anamwambia: "Hebu toa ulimi." Mtoto anatoa, na kinundu kinapanda juu. Hapo daktari ameshapata nusu ya jibu.

Chanzo chake ni cha tangu mimba. Tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, haikuumbiwa pale. Mimba ikiwa na wiki kama 4, huchipuka kwenye shina la ulimi, kisha hushuka hadi mahali pake ikiacha nyuma kijia chembamba. Kijia hicho hutakiwa kupotea. Kisipopotea, huweza kujaa ute na kuwa kifuko. Na kwa kuwa bado kimeshikana na shina la ulimi na kimfupa cha hayoidi kilicho juu ya koo, ulimi ukitoka, nacho huvutwa.

Kabla ya kisu, ultrasaundi kwanza. Hili mzazi anapaswa kulidai bila haya, kwa sababu wapo watoto ambao kinundu hicho ndicho tezi ya thairoidi pekee waliyonayo. Kikiondolewa, mtoto atameza vidonge vya homoni maisha yake yote. Na kifuko kikitolewa peke yake, mara nyingi hurudi. Ndiyo maana hukatwa pamoja na kipande cha kati cha hayoidi, njia aliyoieleza daktari Mmarekani Walter Sistrunk mwaka 1920.

Uvimbe wa pembeni mwa shingo kwa kawaida ni tezi za limfu zilizovimba kwa mafindofindo, jino bovu au mapunye ya kichwani. Ukitibiwa ugonjwa wenyewe, nazo hunywea. Zikikaa wiki 6 bila kupungua, zikiwa ngumu, zikiota juu ya mtulinga, au mtoto akikonda na kutoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu hata kama hakohoi. Tafadhali zisitumbuliwe nyumbani: tezi ya kifua kikuu ikipasuliwa ovyo huweza kuvuja usaha kwa miezi.

Uvimbe wa taya unaokua siku hadi siku ni jambo jingine. Huenda ni saratani ambayo Denis Burkitt, daktari wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Seli zake huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Huo haungoji kliniki ya wiki ijayo, na ukiwahiwa, dawa huumudu vizuri.