Ukurasa wa "Asante" Si Ushahidi wa Malipo

Biashara ikitaka kupokea malipo mtandaoni bila kushika namba za kadi za wateja, njia ya kawaida ni kutumia ukurasa wa malipo unaoendeshwa na kampuni nyingine: Pesapal, Stripe, PayPal na wenzao. Seva yako, yaani kompyuta inayoendesha tovuti ya duka lako, inaandikisha oda na kuiomba kampuni hiyo ukurasa wa malipo. Mteja anapelekwa huko, analipa kwa kadi au kwa simu, kisha anarudishwa dukani kwako. Kuunganisha kiasi hicho si kazi ngumu, na ikionyeshwa kwa bosi hupendeza. Lakini swali zito linakuwa halijajibiwa: seva yako itajuaje kwa uhakika kwamba hela imeingia? Karibu dhana zote potofu ninazozikuta kwenye kazi hii zinatokana na kumwamini shahidi asiyefaa, yaani kivinjari cha mteja.

Dhana: Mteja akirudi kwenye ukurasa wa "asante", amelipa

Anwani ya kumrudishia mteja ni anwani kama nyingine yoyote. Kama inasomeka /asante?oda=1047, mtu anaweza kuiandika mwenyewe bila hata kuuona ukurasa wa malipo. Programu inayobadilisha oda kuwa "imelipwa" kwa sababu tu ukurasa huo umefunguliwa inampa kila mgeni ruhusa ya kujitangazia kwamba amelipa.

Upande wa pili wa kosa hilohilo unawaumiza waaminifu, na huo ndio unaonisikitisha zaidi. Mama analipa kwa simu. Ombi la kuweka namba ya siri linatokea juu ya kivinjari, anaiweka, ujumbe wa kukatwa hela unaingia, anaweka simu kwenye mkoba. Kwake kazi imekwisha, harudi tena kwenye kivinjari. Mwingine bando limemwishia katikati ya safari ya kurudi. Hela zao zimetoka, lakini dukani oda bado "inasubiri". Wakipiga simu kuuliza, wanajibiwa kana kwamba wanadanganya.

Wenye maduka ya kawaida walishajifunza hili kwa uchungu. Muuzaji mzoefu wa Kariakoo au Gikomba hatoi mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mnunuzi. Anasubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe. Seva yako inahitaji nidhamu hiyohiyo.

Na si hofu ya kufikirika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana na Microsoft Research walichunguza programu za maduka zilizounganishwa na PayPal, Amazon Payments na Google Checkout, wakaonyesha kwamba mnunuzi mjanja angeweza kuchukua bidhaa kwa bei anayojipangia au bila kulipa kabisa. Kasoro hazikuwa kwenye usimbaji, yaani hesabu zinazoficha data. Zilikuwa kwenye maungio: kiasi cha hela kilipita kwenye kivinjari na hakuna aliyekikagua baadaye, au malipo ya oda moja yalikubaliwa kukamilisha oda nyingine.

Kwa hiyo ukurasa wa asante ubaki wa kumpokea mteja. Useme "tunathibitisha malipo yako" na uonyeshe hali ya oda kama seva inavyoijua. Uamuzi wenyewe utoke kwenye mazungumzo ya seva kwa seva: taarifa ambayo kampuni ya malipo inakutumia, ile ambayo watengenezaji huiita webhuku, kolbeki au IPN, au swali ambalo seva yako inaiuliza kampuni hiyo moja kwa moja.

Dhana: Taarifa ikifika kwenye seva, ni ya kweli

Anwani inayopokea taarifa hizo iko wazi kwenye intaneti. Yeyote anayeijua anaweza kuitumia ujumbe unaofanana na wa kweli. Namna ya kuukagua hutofautiana kwa kila kampuni, na hapa ndipo inabidi kusoma maelekezo kwa makini badala ya kunakili msimbo wa mtu.

Stripe hutia saini kila taarifa. Saini hiyo iko kwenye kichwa cha ombi (header) kiitwacho Stripe-Signature, na hukokotolewa kwa HMAC-SHA256, kanuni ya hesabu ya kutia saini ujumbe, kutokana na siri mnayoijua ninyi wawili tu, ile inayoanza na whsec_. Ndani yake umo pia muda wa kutumwa, na maktaba rasmi za Stripe hukataa taarifa iliyozidi dakika 5, ili ujumbe wa zamani usinaswe na kurudiwa. Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: saini inakaguliwa juu ya maandishi ghafi yalivyofika. Mfumo wako ukishaigeuza JSON (muundo wa maandishi unaobeba taarifa hiyo) kuwa data na kuiandika upya, nafasi moja tu ikibadilika saini haitalingana. Wengi wakifika hapo huuzima ukaguzi ili kazi iende. Tafadhali usifanye hivyo. Tafuta namna mfumo wako unavyokupa maandishi ghafi.

Pesapal, kwenye toleo la 3 la API yake (njia ya programu kuzungumza na mfumo wake), imefuata njia nyingine. Taarifa yake hukupa namba ya ufuatiliaji na kumbukumbu ya oda yako tu, bila kusema malipo yamefanikiwa au la. Seva yako ndiyo inayorudi kuuliza hali ya muamala, ikajibiwa 1 kwa malipo yaliyokamilika, 2 kwa yaliyoshindwa, 3 kwa yaliyorejeshwa na 0 kwa yasiyo halali. Napenda mpango huu kwa sababu anayetuma taarifa bandia anachofanikiwa ni kukufanya uulize swali tu. Wanaoruka ukurasa wa malipo na kutumia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, kumtumia mteja ombi la namba ya siri wanaweza kuiga mtindo huo: hifadhi CheckoutRequestID (namba ya utambulisho wa ombi hilo) tangu mwanzo, na kolbeki ikifika, ilinganishe na ombi ulilolituma kisha uulize mwenyewe kabla ya kutoa mzigo wa maana.

Hata taarifa ikiwa ya kweli, linganisha kiasi na sarafu na ulichokiandika kwenye hifadhidata yako. Bei itoke kwenye hifadhidata, isitoke kamwe kwenye fomu ya mteja. Na angalia vipimo: Stripe hupokea kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, hivyo shilingi 1,500 za Kenya huandikwa 150000, lakini faranga 1,500 za Rwanda hubaki 1500 kwa kuwa hazihesabiwi kwa senti. Msimbo unaozidisha kila kitu kwa 100 utamtoza mteja wa Kigali mara 100 ya bei.

Dhana: Malipo moja, taarifa moja

La. Taarifa moja inaweza kufika mara mbili au zaidi, na ya baadaye inaweza kutangulia. Stripe, isipopata jibu zuri kutoka kwenye seva yako, huendelea kujaribu tena hadi siku 3. Ni jambo jema, kwa maana seva iliyozimika usiku itapata habari zake asubuhi. Lakini kama msimbo wako unaongeza salio, unatoa tiketi au unapunguza bidhaa stoo kila taarifa inapoingia, mteja mmoja atapewa tiketi mbili na hesabu za stoo zitapotoka.

Dawa iko kwenye hifadhidata. Weka jedwali la namba za taarifa zilizokwishashughulikiwa, safu ya namba hiyo ikiwa na sharti la kutojirudia, na uibadilishe oda kwa sharti kwamba kwa sasa bado "inasubiri". Fanya mawili hayo ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani yafanyike yote mawili au lisifanyike hata moja. Kukagua kwanza kwa "kama haipo" kisha kuandika hakutoshi, kwa sababu taarifa mbili zikifika pamoja zote zitakuta haipo. Pia hifadhi taarifa, jibu 200 (namba ambayo seva huitumia kusema "nimepokea") mapema, halafu kazi nzito kama kutuma barua pepe na kutengeneza risiti iende kwenye foleni. Ukichelewa kujibu, upande wa pili utadhani hukupokea na utatuma tena.

Dhana: Kimya maana yake malipo yameshindwa

Dhana hii huwakata watu hela mara mbili. Mteja amelipa, taarifa imechelewa, ukurasa unamwambia "malipo yameshindwa, jaribu tena", naye anajaribu tena kwa nia njema. Kama hela hiyo ilikuwa karo ya mtoto, kurejeshewa baada ya siku kadhaa si faraja.

Kushindwa ni jibu. Kutojibiwa si jibu. Daraja hurudisha 0 kwa malipo yaliyofanikiwa, 1032 kwa mteja aliyeghairi, na 1037 pale simu isipopatikana au mteja asipojibu kwa wakati. Kabla ya kupata mojawapo ya majibu ya namna hiyo, oda inasubiri, na mteja aambiwe hivyohivyo. Weka kazi inayojiendesha kila baada ya dakika chache, iziulize kampuni za malipo kuhusu oda zote zilizokaa bila jibu. Stripe nako kuna hali ya kati: njia nyingine za malipo, kama kukata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, huweza kukupa taarifa ya checkout.session.completed huku payment_status (hali ya malipo) ikiwa bado unpaid, yaani haijalipwa. Mteja amemaliza fomu, ila hela haijafika. Soma sehemu zote mbili.

Dhana: Ukurasa ni wao, basi usalama nao ni wao

Mzigo unapungua kweli. Chini ya PCI DSS, kanuni za kimataifa za usalama wa data za kadi, biashara iliyokabidhi ukusanyaji wote wa kadi kwa kampuni iliyoidhinishwa hujaza fomu fupi ya kujitathmini, SAQ A. Lakini fupi si tupu. Toleo la 4 liliongeza hata ukaguzi wa nje wa udhaifu kila baada ya miezi 3. Sababu inaeleweka. Mwaka 2018 wahalifu walipandikiza msimbo kwenye tovuti ya British Airways ukanyonya taarifa za kadi, na mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza ikaitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 20. Pale kadi ziliandikwa kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Wewe unayempeleka mteja kwingine umeepuka hilo, ila anayeweza kupandikiza msimbo kwenye tovuti yako anaweza pia kubadilisha kitufe cha "Lipa" kielekee kwenye ukurasa bandia.

Dhana: Oda ikishaandikwa "imelipwa", imekwisha

Malipo hurejeshwa. Mwenye kadi hupinga muamala benki, au duka lenyewe humrudishia mteja, na ile namba 3 ya Pesapal iko kwa ajili hiyo. Seva inayokubali kutoka "inasubiri" kwenda "imelipwa" tu itaitupa taarifa ya kurejeshwa kama kosa. Ipe oda njia ya kutoka pale, na usifute mstari wa malipo ya kwanza: andika urejeshaji kama mstari mpya wenye tarehe yake, ili mhasibu anapofunga mwezi aone hela iliyoingia na iliyotoka, kila moja mahali pake.